Paka Apite Wapi?

Jumatatu, 8 Desemba 1975

Amefanya tena. Safari hii ndani ya kapu la nguo za kanisani, juu ya kitenge cha Mama, kile chenye tausi. Mama alikiinua kwa ncha za vidole, akakitazama kama mtu anayesoma tangazo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Hukumu ilitoka wakati wa uji. Jumapili baada ya misa Bwana Kamili, mtunza ghala la pamba pale Runzewe, atapita na gunia kumchukua paka wangu Kamanda akakamate panya wa ghalani. Kamanda! Mtoto wa miezi mitatu, anayemkimbia jongoo! Panya wa ghala lile nimewaona. Ndio watakaomkamata yeye.

Mama anasema hana ugomvi na paka. Ana ugomvi na paka asiyejua kwamba choo kiko nje.

Lakini kosa si la Kamanda. Sisi mchana tuko shambani, mlango umefungwa, yeye yuko ndani. Apite wapi? Na mlango wenyewe ni wa mninga. Baba aliuleta kwa lori kutoka Mwadui anakofanya kazi. Katika mstari wetu wote wa nyumba ndio mlango pekee wa mbao, wengine wana mabati na matete. Kila Jumamosi Mama huupaka mafuta. Haupitishi hata mjusi.

Halafu hata ukiwa wazi hatoki. Anafika kizingitini, anatazama mbingu, anarudi chini ya kitanda. Mama yake alikuwa kinyume kabisa. Mwaka jana watu wote tulipohamishiwa hapa kijijini, alikaa siku mbili, kisha akarudi zake mahameni, kwenye nyumba yetu ya zamani. Mjumbe wa nyumba kumi alifaulu kumhamisha kila mtu isipokuwa paka yule. Huko ndiko nilikomwokota Kamanda, tulipokwenda kuchimba mihogo, nikamleta ndani ya kapu lenye kifuniko. Kwa hiyo ulimwengu anaoufahamu ni kapu na uvungu wa kitanda.

Mpango: tundu mlangoni. Dogo, chini kabisa, kiasi cha paka. Litawekewa kifuniko cha kusukuma kwa kichwa. Kamanda atatoka na kuingia apendavyo, Mama hatakuwa na la kusema, Kamili atarudi na gunia tupu.

Nitamwomba Mama ruhusa. Nimefanya mazoezi ya kusema, nyuma ya nyumba, hadi kuku wakaniacha. Jioni nikaingia jikoni, nikafungua mdomo, nikauliza chumvi iko wapi. Chumvi ilikuwa mkononi mwangu.

Basi, bila ruhusa.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mama alikwenda Ushirombo kutazama ngoma. Nilisema kichwa kinaniuma. Kilianza kuuma kweli nilipomaliza kusema.

Nikaenda kwa Mzee Mabula, fundi seremala. Nilitegemea kumkuta peke yake. Kumbe sikukuu! Nusu ya wanaume wa kijiji wamekalia mbao zake wanacheza bao. Wote wakageuka. Mzee Mabula ni Msukuma wa upande wa Maganzo, na sauti yake inafika ng'ambo ya bonde, hata anaposalimu kwa Kisukuma na kumwita binti mayu, yaani mama. "Mwangaluka, mayu! Binti Gelasius! Leo umetukumbuka?"

Nikapiga magoti, nikaamkia. Marahaba ishirini kwa pamoja.

Ningesemaje? Kwamba nataka paka wangu atengenezewe mlango? Wangecheka mpaka Krismasi. Nikasema Mama anataka tundu la kuku.

Mlango upi? Ule wa mninga? Nikaitikia kwa kichwa. Mcheza bao mmoja akasema kuku wa Gelasius wamestaarabika, siku hizi wanapiga hodi. Mwingine akauliza kama na jogoo atakabidhiwa ufunguo. Mzee Mabula akawanyamazisha. Akasema Mama yangu ni mtu wa mipango, akitaka tundu ana sababu. Atakuja kesho. Malipo ni bakuli la karanga.

Nimefika nyumbani mbio. Nimefagia uwanja mara mbili. Siwezi kukaa. Tangu nimalize darasa la saba mwezi uliopita miguu yangu haijui iende wapi, na sasa imepata pa kwenda na bado haitulii.

Kamanda amelala. Hajui anavyohangaikiwa.

Jumatano, 10 Desemba

Siku ya gulio la Runzewe. Mama aliondoka na mapema, kichwani amebeba mpunga. Mzee Mabula akaja na msumeno, patasi na randa.

Naandika ukweli hapa kwa sababu hapa hakuna anayenitazama. Alikata tundu la kiasi, zuri kabisa. Paka angepita vizuri. Akaniuliza: linatosha, mayu? Nikanyamaza, maana kumjibu mtu mzima "linatosha" harakaharaka ni kama kumwambia aondoke. Akadhani halitoshi. Akaongeza. Linatosha? Nikatazama chini. Akaongeza tena. Akasema kweli, kuna majogoo wenye vifua. Nilipopata nguvu ya kufungua mdomo, tundu lilikuwa linapitisha bata mzinga amebeba mwenzake.

Akapiga randa kingo zote, akasugua kwa msasa, kazi safi. Akachukua karanga na msumeno wake, akaondoka anaimba.

Sasa kifuniko. Nilikuwa na vitu vitatu vya kuchagua.

Gunia: laini, halina kelele. Nililipigilia misumari juu, likaning'inia kama pazia. Kamanda alilipanda. Alifika juu, akashindwa kushuka, akalia.

Bati la debe: imara, halipandiki. Nililining'iniza kwa waya. Nikamsukuma Kamanda taratibu. Likalia kwaang'! Akaruka nyuma, na papo hapo, mbele ya tundu lililokatwa kwa sababu hiyo hiyo, akajisaidia ndani.

Mpira wa ndani wa gurudumu la trekta: mzito kidogo, unanuka, lakini ukisukumwa unarudi pole pole bila kelele. Kamanda aliunusa, akaupiga kofi, ukampiga kofi. Hakukimbia. Nimechagua mpira.

Mama alikaribia kurudi. Ndani nikaegemeza ungo. Nje nikaegemeza mkeka, kama nauanika. Mama alifika, akautazama mkeka. Akaingia, akautazama ungo. Akanitazama mimi. Akasema leo kuna upepo.

Nikasema ndiyo Mama, upo.

Hakujua kitu!

Alhamisi, 11 Desemba

Kichwa kinauma bado. Mama alikwenda shambani peke yake, akasema nikipona nichambue maharage.

Somo la kwanza la nje. Nilimketisha Kamanda mbele ya tundu, nikainua mpira ili aone jua. Akaona jua. Akaenda uvunguni. Nikamtoa. Nikaweka dagaa upande wa nje. Akanyoosha mkono mmoja, akawavuta dagaa ndani, akawala ndani, mgongo ameugeuzia ulimwengu.

Mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kwamba mtoto hujifunza kwa kumwiga mkubwa. Basi nikaamua kumwonyesha. Tundu ni kubwa, linapita mtu. Nikalala kifudifudi, nikapitisha kichwa, nikapitisha mabega. Raha kabisa. Nikamwita: Kamanda, njoo, tazama, hakuna kitu, ni uwanja tu.

Kiuno kikakataa.

Mbele hakiendi. Nyuma hakirudi. Mpira umenilalia mgongoni kama nimefunikwa shuka. Ndani, Kamanda alikuwa akinyatia nyayo zangu, kisha akaanza kuzing'ata. Na nani anapita njiani na ndoo ya maji? Salvina. Jirani, tumemaliza naye shule. Salvina haogopi mtu. Aliwahi kumwambia mkaguzi wa shule, mbele ya gwaride, kwamba suruali yake imefunguka.

Akatua ndoo. Akanisogelea. Akauinamia uso wangu. "Shikamoo, mlango," akasema. "Hongera kwa kujifungua. Mtoto wa kike?"

Nikamwambia nafagia.

"Unafagia. Kwa nywele?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanishika mikono akanivuta, nikatoka kwa kishindo, gauni limepasuka pembeni. Akakagua tundu, akapima kwa mikono, akaniuliza tunategemea wageni gani. Nikamwambia ni la Kamanda. Sijui kwa nini kwa Salvina maneno yalitoka. Labda mtu akishakuona hivyo huna tena cha kuficha.

Akawa mwema, jambo linalotisha zaidi. Akasema kwao paka hafundishwi kwa kuigiza. Anapakwa samli nyayoni, zote nne, halafu anazungushwa nyumba nzima mikononi. Akilamba nyayo anaila harufu ya nyumba, hawezi kupotea tena. Bibi yake alifanya hivyo, na paka wao, lile dume la rangi ya moshi lenye sikio moja, halijawahi kupotea hata siku moja.

Samli tunayo. Mama ameiweka kwa ajili ya Krismasi, Baba akija.

Kidogo tu.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikujua kidogo ni kiasi gani. Nyayo ni nne.

Nilimpaka, nikamzungusha nyumba, nikamrudisha ndani, nikaacha chungu cha samli wazi mezani kwa sababu mikono ilikuwa inateleza. Nikaenda kunawa kisimani. Niliporudi:

Moja. Kamanda amelamba nyayo zote, hata zilipokwisha kuwa safi, na tumbo lake halikuzoea mambo makubwa. Sitaandika. Chini ya kitanda, juu ya kitanda, pembeni mwa kitanda.

Mbili. Dume la Salvina limepita tunduni. Nililikuta limeingiza kichwa chote chunguni. Lilinitazama bila haraka, masharubu yanang'aa, likashuka, likasukuma mpira kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa na mlango wake, likatoka. Hivyo ndivyo inavyofanywa! Kamanda alikuwa akitapika. Hakuona.

Tatu. Kuku. Fundi aliambiwa tundu la kuku, akatengeneza tundu la kuku, na kuku wamelitambua. Wanne walikuwa ndani, mmoja si wetu. Yule asiye wetu alikuwa juu ya mto wa Mama, ametulia, ananikodolea macho kama mimi ndiye mgeni.

Nilifua. Nilifagia. Nilifukuza. Nilisawazisha samli kwa kijiko ili ionekane haijaguswa, ikaonekana imeguswa kwa kijiko. Mama aliporudi kutoka shambani alikwenda kulala kidogo, akarudi na yai mkononi. Akauliza limefikaje juu ya mto wake.

Nikasema kuku aliingia nilipofungua mlango.

Akatazama ungo. Akasema kuku wa siku hizi ni wepesi. Akalichemsha, akanipa nusu. Niliila nimegeukia ukuta.

Kesho kutwa Kamili. Kamanda hajaweka hata unyayo mmoja nje. Nimekwenda mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi, mpaka Mama kaniuliza kama nimepoteza kitu. Bado, nikasema moyoni.

Jumamosi, 13 Desemba

Ametoka!

Mvua ilinyesha mchana, kubwa, ikakatika ghafla, jua likatoka. Na kumbikumbi wakaanza kupanda kutoka ardhini, kila mahali, maelfu, mabawa yanang'aa. Kijiji kizima kikamwagika nje na mabeseni. Mama akatoka na sufuria. Mimi nikabaki ndani nimeinua mpira, namwambia Kamanda tazama, tazama tu.

Kumbikumbi mmoja akaingia tunduni. Kamanda akamdaka. Akamtafuna. Niliona macho yake yakibadilika. Akatoa kichwa nje. Mwingine akapita mbele ya pua. Akatoa mikono. Nyasi zilikuwa na maji, akatikisa mkono mmoja, akatikisa wa pili, akapiga chafya. Halafu akaruka. Mzima mzima! Akawa kati ya kuku na watoto, anaruka, anaanguka, anadaka hewa, mkia umesimama kama mlingoti.

Na akajisaidia nje! Nyuma ya jiwe la kusagia. Alichimba, akafukia, akanusa, akafukia tena. Niliona kwa macho yangu. Nikasali Salamu Maria tatu papo hapo kwenye tope.

Kilichobaki ni kumwambia Mama. Alikuwa hatua chache tu, ameinamia kumbikumbi, amefurahi, anaimba. Nikamsogelea. Nikasema: "Mama." Akasema: "Ehe?" Nikasema mwaka huu kumbikumbi wamenona.

Nilipogeuka Kamanda hayuko.

Si nyuma ya jiwe. Si kwenye kuni. Mvua ya pili ikashuka, watu wakakimbilia majumbani, milango ikafungwa. Nilizunguka nyumba yetu nikimwita kwa sauti ambayo nadhani ni mimi peke yangu niliyeisikia. Majirani wangeniuliza natafuta nini. Amerudi mahameni kwa mama yake? Njia nzima ni mto kwa mvua hii.

Nimeuinua mpira nikaufunga kwa kamba, na mkeka wa nje nimeuondoa, ili asipate taabu. Kuku wanne tayari wameingia.

Jumapili, 14 Desemba

Sikusikia neno la padre. Nilisikia mvua tu.

Bwana Kamili alifika tumetoka kula. Mtu mnene, mwenye heshima, gunia limekunjwa vizuri kwapani. Nikamwamkia, nikajibanza kwenye kona. Mama akamkaribisha kiti. Akamwambia paka hajaonekana tangu jana jioni. Kamili akasema atasubiri, paka ni mtu wa kurudi. Mama akasema basi ale karanga. Akaenda kuchukua ungo.

Sikuweza kumzuia. Nilinyoosha mkono tu, kama mtu anayeaga gari.

Ungo ukaondoka. Tundu likabaki. Mwanga ukaingia hadi miguuni kwa Bwana Kamili, na katikati ya mwanga akaingia kuku, akatupita wote, akaelekea kwenye mto wa Mama.

Mama akauliza, bila kunigeukia, ni nani amekula mlango wa Baba Epifania.

Nilitaka kusema mimi. Nilikuwa nalo neno hilo, fupi, limekaa ulimini. Likatoka: "Panya."

Bwana Kamili akainuka. Akainama kwa shida, akapitisha kidole kwenye kingo za tundu. Akakipitisha tena. "Mama Epifania," akasema, "panya wenu wana randa."

"Na msasa," akasema Mama.

"Mimi ghalani nina panya wa kawaida tu. Wanatumia meno." Akaanza kutetemeka. Nilidhani anaumwa, kumbe anacheka, akashika kiti, machozi yanamtoka. Akasema hawezi kuiondolea paka nyumba yenye hali kama hii, itakuwa dhambi. Panya wa namna hii mwakani watajenga. Akajaza karanga mfukoni, akachukua gunia lake tupu, na tulimsikia akicheka hadi kwenye njia panda.

Gunia tupu! Mpango umefaulu!

Mama hakucheka. Aliniketisha. Akasema alikutana na Mzee Mabula njiani Jumatano ileile, akampongeza kwa wazo la tundu la kuku. Kila siku tangu hapo amekuwa akingoja nifungue mdomo. Jumatatu angeniambia ndiyo. Si kwenye mlango wa Baba, angeniambia, bali kwenye ukuta wa jikoni, ni udongo tu, jembe na dakika chache, bila fundi, bila karanga, bila samli kuguswa. Sasa Baba akija Krismasi nitamweleza mwenyewe, kwa mdomo huu huu. "Shule umemaliza, mwanangu," akasema. "Utasema lini?"

Nililia kidogo. Nikamwambia Kamanda amepotea na labda amekufa maji.

Akashangaa. Akasema Kamanda yuko kwa kina Salvina, anamsikia akilia tangu asubuhi. Aliingia na watoto mvua iliposhuka, wakafunga mlango. Ninachotakiwa ni kwenda, kubisha hodi, na kusema nimemfuata paka wangu. Yeye haendi. Niende mimi.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimekwenda. Nilibisha hodi. Mama yake Salvina akafungua, akasema karibu, mwanangu, unasemaje. Nikasema naomba kaa la moto. Nikarudi na kaa la moto. Jikoni kwetu moto ulikuwa unawaka vizuri.

Nikaenda tena. Safari hii nilimwona kabisa, yuko kwenye mapaja ya Salvina, anakula ugali kwa samaki. Alinitazama. Salvina naye alinitazama. Akasema, "Ehe, Epifania? Leo unafagia wapi?" Anajua! Anangoja niseme, kama Mama anavyongoja. Wamepatana! Nikauliza kama wana mbegu za maboga. Wanazo. Nimepewa nyingi.

Nimefikiri mchana kutwa, nikitembea. Nimeona tatizo lilipo. Si mimi. Si Kamanda, ambaye angerudi leo hii akipata njia. Ni mlango wa kina Salvina. Wa bati, umebana hadi chini. Apite wapi?

Kesho nyumba yao yote inakwenda shambani kupanda pamba. Nimeshapita kwa Mzee Mabula. Nimemwambia mama yake Salvina ameliona tundu letu akalipenda, anataka la bata. Nimemwomba tu asimwulize mwenyewe, maana yule mama ana haya sana.